Seismic Unix kwa kuondoa maltipo: uzoefu wangu hapa Unguja

Nishaitumia Seismic Unix, programu ya kuchakata data za mawimbi ya sauti yanayopigwa chini kutafuta mafuta na gesi, muda sasa na kwa kazi ya kuondoa maltipo naipenda sana, ila kuna pahala inafika haiwezi. Ni ya bure, imetoka Colorado School of Mines kule Marekani, inakwenda kwenye Linux, kila kitu unaandika amri, laptop ya kawaida inaimudu na ukishaipakua huhitaji tena bando, kwetu visiwani hilo si dogo.

Kwa asiejua, maltipo ni mwangwi wa kurudia, wimbi la sauti linapiga sakafu ya bahari linapanda, uso wa maji unalirudisha chini karibu lote, linapiga sakafu tena, mwisho kwenye picha unaona tabaka ambalo halipo. Sauti majini inakwenda kama mita 1500 kwa sekunde, kwa hiyo kina cha mita 60 mwangwi unajirudia kila sekunde 0.08, kina cha mita 750 kila sekunde nzima.

Kina kifupi, amri ya supef, kichujio kinachotabiri marudio na kuyaondoa, ni kiboko. Natanguliza suacor nione marudio yamekaa wapi, kisha naweka minlag, yaani muda ambao kichujio kinaanzia kutabiri, chini kidogo ya sekunde 0.08, basi ile mistari mistari inaondoka. Lakini ukija kwenye maji ya kina kirefu kama mkondo wa Pemba, wallahi inavunja moyo, maana inataka marudio yenye nafasi sawa na huko nafasi inabadilika kadiri hidrofoni, maikrofoni ya majini, inavyokuwa mbali na bunduki ya hewa inayopiga sauti.

Hapo mie nahamia SRME, njia ya kuondoa maltipo yanayotokana na uso wa maji, ya watafiti Berkhout na Verschuur wa chuo cha Delft, Uholanzi. Data zinajitabiria maltipo zenyewe, huna haja ya kujua chini ya sakafu kuna nini. Nimeiandika kwa Python, kila frikwensi ni kuzidisha matriksi (majedwali ya namba) tu, Seismic Unix inabaki kusoma mafaili na kuchora. Ugumu wake, zile trasi (rekodi za hidrofoni) za karibu na meli mara nyingi hazipo na lazima uzijaze kwanza, ukizembea hapo utabiri wote unaharibika.

Vijana wenzangu mnaosomea mafuta na gesi ianzeni hii. Na mkishaondoa maltipo msitazame picha safi peke yake, chorani kwa suximage na kile kilichotolewa, mkiona tabaka la kweli limo humo ndani basi kichujio kimekula mali, kifupisheni mrudie.