Holda ya Pikipiki: Anza na Nati

Kicheza muziki changu kilichomoka na kuangukia lami, pamoja na holda iliyokishika kwenye usukani wa pikipiki. Sikuwa nimepiga shimo wala tuta. Makucha ya holda yalikuwa bado yamekibana sawasawa. Kilichoachia ni nati moja chini ya usukani, ambayo mtetemo wa injini uliilegeza kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Kwa hiyo rangi ya holda na ukubwa wa kioo cha simu sitavigusa. Igeuze holda utazame nati. Yenye pete ya nailoni ndani hailegei ovyo. Ile ya kukaza kwa vidole tu, iache dukani. Kama umeshainunua, tia tone la gundi ya kukazia hesi, ile ya buluu. Nyekundu usiiguse, maana kuifungua mara nyingi hutaka moto.

Holda ya kwanza kwangu ni ya kampuni ya RAM, na sioni ya kushindana nayo. Kitako chake hushikwa na bolti ya umbo la U yenye nati mbili, kisha mkono unabana tufe lililovikwa mpira. Makucha ya X-Grip, aina yao ya kubana simu, yana pia mpira wa kuvutia juu ya pembe za simu. Uvalishe simu, usiuache nyumbani.

Ya pili ni Quad Lock. Hufunga kwa kuzungusha, imara kabisa, ila hutaka kava lake au kibandiko chake, na kipunguza mtetemo hununuliwa peke yake. Mwenye simu asikiruke: mwaka 2021 Apple ilionya kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Kicheza muziki kisicho na kamera hakina hofu hiyo.

Za plastiki za bei ya chini zinafaa baiskeli.

Kinachoniudhi ni wauzaji kuandika "inaingia pikipiki yoyote". Usukani mara nyingi una unene wa milimita 22, au 25.4, au 28.6, waandike namba! Badala yake wanakupa kipande cha mpira ujazie mwanya, na mpira huo ukishabonyea, nati inabaki haina cha kubana. Niliporudisha holda yangu iliyoanguka, muuzaji akaniuliza kama niliikaza vizuri. Niliikaza kwa spana, mara mbili, na fedha yangu hakurudisha.