Makumbusho ya Vita vya Afyuni, Humen: anzia kwenye mabwawa, ngome baadaye

Wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki wanaofuata nguo Guangzhou hufika pia Humen, mji wa masoko ya nguo ulio chini ya Dongguan. Wengi hufunga mzigo na kuondoka bila kujua kwamba hapo hapo, mwaka 1839, ndipo afyuni ya Waingereza ilipoharibiwa kwa amri ya China, na vita kati ya nchi hizo vikafuata. Makumbusho hayana kiingilio na yanastahili siku nzima. Yamegawanyika: mabwawa ilimoharibiwa afyuni na jumba la Lin Zexu, mjumbe wa mfalme wa China aliyesimamia kazi hiyo, viko mjini, Jumba la Vita vya Baharini na ngome ya Weiyuan viko kando ya maji, na ngome ya Shajiao iko mbali kidogo na hivyo vyote.

Sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote ni mabwawa, na ndiyo wageni wanayoipita haraka. Ukiyatazama hivi hivi ni madimbwi mawili ya mraba ndani ya bustani, kila upande kama mita 45. Ili yakuambie kitu, ni lazima ujue kazi iliyofanyika humo.

Mwanzo, njia iliyozoeleka ilikuwa kumwagia afyuni mafuta na kuichoma. Haikufaa: masalia yaliyeyuka na kunywea ardhini, na waraibu wakachimba udongo ule na kuichuja upya. Ndiyo maana Lin Zexu aliagiza mabwawa yatandikwe mawe chini na kuzungushiwa mbao, isipenye hata tone. Maji yaliingizwa, yakatiwa chumvi. Madonge ya afyuni yalikatwa vipande vinne, yakatupwa humo na kulowekwa kwa muda wa nusu siku. Kisha ikamwagwa chokaa. Aliyewahi kuona chokaa ikizimwa anajua kilichofuata: maji yalichemka bila moto, moshi ukapanda, na vibarua waliosimama juu ya mbao wakakoroga kwa majembe. Maji ya bahari yalipokupwa, lango lilifunguliwa, uji ule ukatoka na sakafu ikasuguliwa. Mabwawa yalikuwa mawili kwa sababu hiyo: moja likisafishwa, afyuni inalowekwa katika jingine.

Kazi ilichukua siku 23, tangu Juni 3 hadi Juni 25, ikiwa na vibarua wapatao 500 chini ya macho ya maofisa, maana kilichoogopwa zaidi ni wizi. Makasha yaliyosalimishwa yalikuwa 20,283, zaidi ya tani 1,000. Kasha la afyuni ya Patna, India, lilibeba madonge 40 yaliyovikwa maua ya mpopi yaliyokaushwa, kila donge kilo moja na nusu na ushee. Kiswahili kina jina la zamani la bidhaa hii: kasumba. Leo tumelibakizia mawazo yanayopumbaza akili, lakini ukisimama pale lirudishie uzito wake wa kilo.

Maelezo ya kumbini yameelemea ushujaa wa Lin Zexu na wa Guan Tianpei, amiri wa jeshi la majini. Wanastahili, ila ingia ukiwa na hesabu nyingine kichwani. Charles Elliot, msimamizi wa biashara ya Uingereza, aliwataka wafanyabiashara wakabidhi makasha yao kwake, akaahidi kwamba serikali yake ingewalipa. Kwa ahadi hiyo, mali ya walanguzi ikageuka kuwa mali ya serikali ya Uingereza kabla haijafika bwawani. Fuata deni hilo hadi Mkataba wa Nanjing wa Agosti 29, 1842: dola milioni 21, ambamo milioni 6 ni fidia ya afyuni, milioni 3 madeni ya wafanyabiashara wa Kichina na milioni 12 gharama za vita. Juu yake kisiwa cha Hong Kong kikatwaliwa na bandari tano zikafunguliwa. China ililipia sumu iliyokataa kuiingiza.

Ngome ya Weiyuan iko karibu kabisa na daraja kubwa la Humen. Ingia kwenye vyumba vya mizinga, kisha tazama nje kupitia tundu: utaona kipande kidogo cha maji tu. Hapo ndipo palipoharibika. Mzinga mzito uliolazwa mahali pamoja haukuweza kugeuzwa kuifuata meli, na meli iliyosimama pembeni haikuwa na cha kuogopa. Februari 1841 Waingereza waliweka mizinga yao kwenye kisiwa cha Wantong ya Kusini, ambacho hakikuwa na ulinzi, kisha wakazipiga ngome kutoka pale na kutoka melini. Guan Tianpei aliuawa Februari 26. Familia yake ilipokuja kuuchukua mwili, meli ya adui, Blenheim, ilipiga mizinga ya heshima.

Tahadhari moja: ngome zilibomolewa vitani na kujengwa upya baadaye. Ukikuta mzinga wa Krupp wa Ujerumani, huo si wa vita hivi, ni wa miongo ya baadaye.

Kutoka stesheni ya Guangzhou Kusini, treni ya kasi hufika Humen kwa dakika kama 20. Pasipoti ni lazima kwa tiketi. Stesheni iko mbali na mabwawa, hivyo panga teksi, na majina ya sehemu yawe yameandikwa kwa Kichina kwenye simu. Ukitamka "Weiyuan" kwa lafudhi ya kwetu huenda dereva asikuelewe. Weka pia programu ya kutafsiri maandishi kwa kamera. Asubuhi nenda mabwawani, mchana jumba la vita vya baharini, na ngome uiache hadi jua lipoe, kwa sababu kiangazi cha jimbo hili la Guangdong kina joto na unyevu kama Dar es Salaam ya Februari. Ukibakiwa na siku ya pili, nenda Shajiao. Januari 7, 1841 Waingereza waliteremsha askari nchi kavu na kuishambulia kutoka nyuma, upande ambao mizinga yake haikuelekea, na ukipanda kilimani utaona jinsi ilivyokuwa rahisi.