Raifo ya kuwindia: kilo 3, 4 au 5 begani?

Chukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, litie maji lita 4 na nusu, pitisha kipande cha kitenge kwenye mkono wake, ulitundike begani. Toka Nyegezi kwa miguu hadi Buhongwa, saa 4 asubuhi jua limeshakomaa, kisha urudi. Ukifika nyumbani, kabla hujanywa chochote, linyanyue dumu usawa wa jicho kwa mikono miwili na ulishikilie ukihesabu mpaka 20. Angalia maji yanavyochezacheza ndani. Hivyo ndivyo mdomo wa mtutu utakavyocheza siku ukimwona nyati.

Naandika kwa ajili ya mwenzangu wa Mwanza mwenye pesa ya bunduki moja. Wenye kabati la bunduki tatu wanajua wanachofanya. Huyu wangu ana duka Igoma au ng'ombe Magu, anatoka na marafiki mara mbili au tatu baada ya msimu kufunguliwa Julai, na kibali chake kina kongoni, nyumbu, swala au ngiri. Mwaka wa neema kina nyati. Leseni ya kumiliki silaha inatoka polisi, kibali cha kuwinda kinatoka TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na vyote viwili vinatangulia pesa. Usimpe mtu hata shilingi ya "kushikia bunduki" wakati maombi yako bado yako mezani kwa wakubwa.

Kwa nini uzito? Kwa sababu utatembea. Sheria haitaki ufyatue ukiwa ndani ya gari wala karibu na gari, kwa hiyo hata mwenye Land Cruiser mpya anateremka na kufuata nyayo kama wengine. Mapori ya upande wa Simiyu hayana milima ya kutisha. Kinachomaliza mtu kule ni jua, na vuli ikianza ni udongo mweusi wa mbuga. Mvua moja tu na kila buti linabeba tope lake mpaka unatembea kama bata. Hapo gramu 500 za ziada begani unazijua kwa jina.

Ila tuanze na hesabu, maana wengi wanadanganyika hapa. Uzito ulioandikwa kwenye katalogi ni wa bunduki tupu. Chukua Winchester Model 70 Safari Express ya kaliba .375 (kaliba ni unene wa risasi kwa sehemu ya inchi): imeandikwa karibu kilo 4.1. Ongeza darubini na vishikizo vyake, kama gramu 450. Ongeza mkanda wa ngozi, gramu 150. Ongeza risasi 4, na risasi moja ya .375 H&H ina zaidi ya gramu 40. Umeshafika karibu kilo 4.9, na hujahesabu risasi za akiba kiunoni. Kila uzito nitakaoutaja kuanzia hapa, nisiposema "tupu", ni wa bunduki ikiwa tayari kwa kazi, na darubini yake, mkanda wake na risasi zake.

Sasa upande wa pili wa hesabu: teke, yaani bunduki inavyokupiga begani ukifyatua. Risasi ileile na baruti ileile, ukishusha bunduki kutoka kilo 4 hadi kilo 3, nguvu ya teke inapanda kwa theluthi nzima. Chuma ulichokikwepa begani wakati wa kutembea kinakusubiri begani wakati wa kufyatua. Kinachoumia kwanza ni shabaha, bega linafuata. Mtu aliyepigwa teke mara kumi anaanza kufumba macho kabla ya mlio, na yeye mwenyewe hajui kwamba anafumba.

Mimi nililipia somo hili. Raifo yangu ya kwanza ilikuwa .30-06 nyembamba, tupu haikufika kilo 3. Niliipenda kwa sababu mkononi ilikaa kama fimbo ya kuchungia. Tulifuata kongoni tangu alfajiri, mwishoni nikapanda kilima cha mawe kwa haraka ili nimkate mbele. Nikampata amesimama ubavu, hatua kama 120, mbele ya macho yangu kabisa. Pumzi inapanda na kushuka, na mtutu ule mwepesi unapanda na kushuka nao. Risasi ilipita juu ya mgongo. Mzee aliyekuwa akitusomea nyayo hakusema neno. Aliinama, akaokota ganda, akanipa mkononi. Tulipofika kwenye gari ndipo akaniambia, "Mwanangu, hiyo bunduki yako inatetemeka kuliko wewe."

Basi upangaji wangu ni huu, kwa mtu wa bunduki moja.

Namba moja: kilo 4.5 hadi 4.9, kaliba .375

Kanuni zetu za uwindaji zinataka kaliba isiyopungua .375 kwa nyati na wanyama wengine hatari. Kwa mtu wa bunduki moja hilo peke yake linamaliza nusu ya mjadala: kesho ukipata kibali cha nyati hutahangaika kuazima, na kuazima silaha ni mlango wa matatizo. .375 H&H ni ya mwaka 1912 na bado wawindaji wengi Afrika huanza nayo. Ukiwa na risasi nzuri inamlaza kongoni bila kumharibia nyama kama watu wanavyohofia, kwa sababu kichwa cha risasi ni kizito na hakiendi kwa kasi ya kichaa.

Kwa nini isiwe nyepesi zaidi ya hapo? Kwa sababu katika uzito huu teke lake ni kubwa lakini linafundishika. Ni msukumo mrefu, kama mtu anayekusukuma kwenye foleni ya kivuko. Ishushe hadi kilo 3.8 na msukumo unageuka ngumi. Rafiki yangu mmoja aliifanyia yake hivyo: akaondoa kitako cha mbao, akaweka cha plastiki chepesi chenye uwazi ndani, kisha akaifunga darubini karibu mno na jicho. Mpaka leo ana alama ya mwezi mwandamo juu ya nyusi. Watoto mtaani wanadhani ni ya pikipiki, naye hajawasahihisha.

Hapa Mwanza ukipata ya mkononi, mara nyingi itakuwa ya Kicheki: Brno ZKK 602 au CZ 550, zote tupu zinazunguka kilo 4 na robo. Chuma kingi, sura ya kawaida, haziogopi vumbi. Kagua kitako. Unyevu wa ziwani si rafiki wa mbao, na kitako kilichovimba kikaugusa mtutu kitakuhamishia shabaha kila masika. Pitisha noti ya shilingi 1,000 kati ya mbao na mtutu, kuanzia kwenye ncha ya mbao kurudi nyuma. Ikikwama, uliza kwa nini. Angalia na kutu chini ya vishikizo vya darubini, ambako kitambaa cha mafuta hakifiki.

Kingine ni mizani ya bunduki yenyewe. Ilaze juu ya kidole mbele kidogo ya magazini. Ikitulia hapo, uzito uko katikati ya mikono yako na kilo 4.7 zitahisi kama 4. Ikizama mbele, utachoka mkono wa kushoto kabla saa nzima haijapita. Nimeshika bunduki mbili za uzito uleule, moja ikanipa usingizi wa amani na nyingine maumivu ya shingo. Tofauti ilikuwa hapo tu.

Namba mbili: kilo 3.8 hadi 4.2, kaliba .30-06 au .308

Kama una hakika, hakika ya kweli, kwamba nyati humtaki, hii ipande namba moja na uache kusoma. Teke lake ni kama nusu ya lile la .375, risasi moja ina karibu gramu 27, na siku nzima begani unaisahau. Nayo unaweza kuifanyia mazoezi mara nyingi zaidi, kwa bega na kwa mfuko pia. Tahadhari ni moja: msimu wa tatu au wa nne, ukiwa umenogewa, mtu atakuja na habari ya nyati. Niliowaona wakijiapiza kwamba hawamtaki wengi wao wameshabadilisha kauli.

Namba tatu: kilo 5.2 na kuendelea, kaliba .458

Hii ni bunduki ya mwindaji bingwa anayeingia kichakani kumfuata nyati aliyejeruhiwa na mgeni. Kwake yeye uzito ni bima, na mara nyingi huenda bila darubini. Kwako wewe wa mara tatu kwa mwaka, itabebwa na kijana mwingine siku nzima, na bunduki inayobebwa na mwingine haipo mkononi inapohitajika. Ni hivyo tu.

Ya mwisho: chini ya kilo 3.4

Najua nitabishiwa. Ni nzuri kwa macho na teknolojia yake ni ya juu. Kimber Mountain Ascent tupu ina kama kilo 2.2, Tikka T3x Lite kama 2.9. Lakini soma jina lenyewe: Mountain. Zimetengenezwa kwa mtu anayepanda milima mirefu ya Marekani na Ulaya siku nzima ili apige risasi moja akiwa amelala kifudifudi juu ya begi. Sisi tunapiga tumesimama, juu ya vijiti vitatu vilivyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, pumzi juu. Mtutu mzito kidogo unatulia juu ya vijiti. Mwepesi unafuata kila mpigo wa moyo. Kama tayari unayo na huna mpango wa kuiuza, weka mpira mnene kwenye kitako, tumia risasi za kichwa chepesi, na usikubali kushawishiwa na breki ya mtutu, kile kipande chenye matundu kinachofungwa mdomoni mwa mtutu. Kweli inapunguza teke, ila inarudisha mshindo pembeni na nyuma, kwenye masikio ya msoma nyayo aliyesimama ubavuni mwako, na yeye hana vizibo.

Kuhusu kupima: usikubali "hii ni kama kilo nne hivi, bosi." Nenda Mwaloni Kirumba, muazime mfanyabiashara wa sangara unayefahamiana naye ile mizani ya kidijitali ya kuning'iniza, uende nayo kwa muuzaji. Bunduki iwe tupu, bolti (chuma cha kusukumia risasi ndani) imetolewa na kuwekwa mezani mbele ya wote, na mwenye leseni yake awepo. Itundike kwa mkanda wake, darubini ikiwa juu. Bolti na risasi zipime pembeni, kwenye kitambaa, kisha ujumlishe kwenye karatasi. Ikipita kilo 5 kwa .375, jaribu kwanza kubadilisha darubini. Zile kubwa za vioo vya milimita 56 ni za mapori ya giza ya Ulaya, na sisi usiku haturuhusiwi kuwinda. Darubini ndogo ya kukuza mara 1 hadi 4 inakurudishia gramu 200 na zaidi kwa dakika kumi za bisibisi.

Na ile ndoano ya mizani ioshe kwa sabuni kabla hujaingiza mkanda wa bunduki. Harufu ya sangara ikishika kwenye ngozi haitoki msimu mzima, na upepo ukigeuka nyati ataisikia kabla hujamwona.