Tuisheni ya jometri, Tononoka, Mombasa: rula zinawekwa kando kwanza

Kama mtoto anachora vizuri lakini akiulizwa "umejuaje AC ni sawa na BD?" anakimbilia rula, mpeleke kwenye tuisheni hii ya Jumamosi asubuhi. Mwalimu anaanza kwa kukusanya rula zote. Rula inaonyesha tu kwamba mchoro ule mmoja unakaribia kuwa sawa. Uthibitisho lazima ushike kwa kila mchoro.

Zinafuata kanuni tatu kati ya tano za jumla alizoweka Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, yapata mwaka 300 kabla ya Kristo. Vilivyo sawa na kitu kimoja ni sawa vyenyewe kwa vyenyewe. Sawa ukiiongeza kwa sawa, jumla ni sawa. Sawa ukiitoa katika sawa, kinachobaki ni sawa. Ya kwanza inafundishwa kwa leso: mbili zikipimwa kwa tepu moja zikatoka urefu uleule, huna haja ya kuzilaza pamoja. Mfano huu ni mzuri mno, unaingia mara moja.

Zoezi la kwanza: A, B, C, D ziko kwenye mstari mmoja kwa mpangilio huo, na AB = CD. Thibitisha AC = BD. AC ni AB na BC. BD ni CD na BC. AB na CD tumepewa kuwa sawa, BC ni ileile, basi kanuni ya pili inamaliza kazi. Kila hatua inaandikiwa sababu pembeni, hata ile ya BC kuwa sawa na yenyewe, ambayo wanafunzi wengi huiruka.

Kasoro kubwa iko kwenye karatasi ya mazoezi: swali la pili linauliza kitu kilekile, AB = CD, thibitisha AC = BD, lakini halitaji mpangilio wa nukta. Zikiwa A, C, B, D, kipande CB kimo ndani ya AB na ndani ya CD pia, kwa hiyo unatoa, huongezi. Aliyekariri "ongeza BC" atapata jibu sahihi kwa sababu mbovu. Na zikiwa A, B, D, C? Hapo AC inaimeza BD nzima, na kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake: unachoambiwa uthibitishe si kweli kabisa. Karatasi hiyo irekebishwe.

Kipindi cha bikari ni kifupi lakini safi. Sindano kwenye A, upana AB, chora tao; kisha sindano kwenye B, upana uleule. Matao yanakutana C. AC = AB, BC = AB, basi AC = BC kwa kanuni ya kwanza. Bikari wanazoazimisha, hata hivyo, skrubu zimelegea: mguu unafunguka kati ya tao na tao, pembetatu ABC inaegemea upande, na mwanafunzi anaanza kushuku uthibitisho ambao hauna kosa lolote. Nenda na bikari yako, yenye skrubu inayokaza.