Taa za sambaza: ipi ununue Goma, ipi uiache dukani

Mwenye ikipe, yaani kikosi cha mitumbwi inayovua pamoja, akiingia Birere, mtaa wa biashara wa Goma, kutafuta taa ya kuvulia usiku, muuzaji humwonyesha kwanza ile iliyoandikwa wati nyingi kuliko zote. Hapo ndipo makuta (pesa) yanapotelea. Sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, hawasomi kartoni. Wanafuata vijidudu vya majini vinavyokusanyika kwenye mwanga, na wanabaki pale mradi mwanga hautetereki tangu magharibi hadi alfajiri. Kwa hiyo uliza kwanza taa itawaka kwa muda wa saa ngapi bila kufifia, ukali wake utauangalia baadaye.

Mahesabu ya hapa ni ya ikipe moja ya mitumbwi mitatu, taa tatu, saa 9 za kuwaka kwa usiku. Mwenye taa nne aongeze theluthi moja kwenye kila hesabu.

Namba 1: LED za volti 12 na betri ya LiFePO4

Hii ndiyo ya kununua, hata kama ni kwa kuchangishana. Taa tatu za wati 10 zinakula wati 30, na kwa saa 9 hizo ni wati-saa 270. Betri ya LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfati) ya volti 12.8 yenye Ah 30 (ampea-saa) inabeba wati-saa 384. Ukiitumia asilimia 80 tu unapata 307: usiku mzima, na kitu kidogo kinabaki. Uzito wake ni kama kilo 4, kijana anaitoa ufukweni Kituku kwa mkono mmoja.

Wati 10 zinaonekana kidogo, lakini LED nzuri hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 100 hivi kwa kila wati. Anayekimbilia wati 50 kwa taa moja anajilazimisha kununua betri kubwa mara tano, na mwanga ukiwa mkali mno samaki husimama pembeni ya duara badala ya kuingia katikati, juu ya wavu. Chagua mweupe wa baridi, ulioandikwa 6000K au 6500K. Maji hunyonya rangi nyekundu kwanza, kwa hiyo mwanga wa manjano haufiki chini sana. Kila taa iwe na swichi yake: kabla ya kuinua wavu unazima za pembeni moja moja, samaki wanasogea kwenye ile ya katikati. Taa zilizofungwa kwenye swichi moja zinakunyima kazi hiyo.

Kinachoharibu mfumo huu mara nyingi ni waya. Chukua waya mwembamba wa spika wa milimita 0.75 za mraba, mita 10 kutoka betri hadi taa. Umeme unakwenda na kurudi, hiyo ni mita 20. Taa tatu zikivuta ampea 2.5 unapoteza volti 1 na zaidi njiani, na taa ya bei ya chini inafifia hata betri ikiwa imejaa. Mtu analaumu betri, anabadilisha betri, taa inafifia vilevile. Weka waya wa milimita 2.5 na hasara inashuka hadi volti 0.3 hivi. Viungo vibanwe kwa koleo, vivikwe mpira unaojikaza kwa moto, kisha vipakwe grisi. Kusokota waya na kuzungushia utepe hudumu mpaka maji yapenye, halafu shaba inageuka kijani. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, maana waya ukichunika kwenye ubao na kugusana, lithiamu inatoa umeme wa kutosha kuchoma mtumbwi.

Kwa kuchaji, paneli ya wati 100 inatosha ukipata saa 4 za jua la maana. Miezi ya mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, mawingu yanakula nusu ya siku: nunua wati 150, au panga na mwenye nyumba ya kuchaji. Regulata, kifaa kinachodhibiti umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, lazima iwe na mpangilio wa LiFePO4, yaani iishie kwenye volti 14.2 hadi 14.6. Ile ya betri za asidi yenye hatua ya "kufufua betri" inapandisha volti kupita hapo. Usiitumie.

Jambo moja la kujiandaa nalo: betri hii haififishi taa kidogo kidogo. Ikiisha, kinga yake ya ndani inakata ghafla na giza linaanguka papo hapo. Funga kimita kidogo cha volti. Kikisoma 12.8 taa zikiwa zinawaka, imebaki kidogo, inueni wavu wa mwisho. Tochi ya mkononi isikose.

Namba 2: LED zilezile, betri ya asidi iliyofungwa

Kama pesa ya lithiamu haipo, hapa hakuna aibu. Ila hesabu inabadilika: betri ya asidi usiitumie kupita nusu. Kwa wati-saa 270 unahitaji Ah 45, na hiyo ni kilo 13 au 14. Pima ikiwa imepumzika bila kazi: 12.7 imejaa, 12.2 hivi imefika nusu, simama hapo. Ukizoea kuishusha hadi 11 haitamaliza mwaka.

Omba ile ya sola, AGM au jeli. Betri ya gari, hata mpya, ni ya kuwasha injini kwa sekunde chache. Bamba zake ni nyembamba na hazivumilii kumalizwa kila usiku. Ile ya gari iliyotumika ndiyo mbaya kuliko zote, kwani pamoja na uchovu wake asidi inamwagika mtumbwi ukiyumba, inakula nyuzi za wavu na miguu ya watu. Na betri ya asidi isifungwe kwenye sanduku lisilopumua, kwa sababu inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche.

Namba 3: koleman ya mafuta ya taa

Kuiweka juu ya taa nyingi za kisasa kutawashangaza wengine. Lakini koleman (taa ya pampu) ikiwa nzima ni bora kuliko sola ya uongo: mafundi wanaijua, na haitegemei jua la jana. Shida yake ni matumizi. Tangi la litre 1 linakwenda saa 8 hivi, basi taa tatu zinakunywa litre 3 na zaidi kwa usiku. Kwa usiku 20 za mwezi, ukiondoa zile za mbalamwezi, ni litre 60 hadi 70. Zidisha kwa bei ya leo ya litre moja na uilinganishe na bei ya betri; kawaida jibu linapatikana kabla ya kumaliza kidole cha pili.

Ukiinunua, nunua pamoja nayo manshoni (vifuko vya kitambaa vinavyotoa mwanga) sita za akiba, sindano ya kusafishia tundu la gesi na ngozi ya pampu. Manshoni ikishawaka mara moja inakuwa majivu tu yaliyosimama, na wimbi moja la boti ya Bukavu linaibomoa. Mvua ikidondokea kioo cha moto, kinapasuka. Mafuta yaliyochanganywa na maji au mazoti (dizeli) yanaziba tundu: mwanga unakuwa mwekundu na unatoa moshi.

Namba 4: taa za sola za kipande kimoja

Zile zenye paneli mgongoni na maandishi ya "200W" au "500W". Kwa uwanja wa nyumba sawa, kwa ziwa hapana. Huhitaji fundi kugundua uongo, futi ya mshonaji inatosha. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa kama wati 200 jua likiwa kali kabisa. Paneli ya sentimita 35 kwa 20 ni mita za mraba 0.07, basi haiwezi kupita wati 14. Kwa siku ya saa 4 inaingiza wati-saa 56 hata bila kuhesabu hasara, na taa ya wati 200 ingezimaliza kwa dakika 17. Ndiyo maana inaanza kwa kishindo magharibi, na saa tatu usiku mnabaki mnatazamana. Betri za ndani zilizoandikwa 9900mAh ni uongo mwingine: kipande cha umbo hilo, 18650, hakizidi 3500 hivi hata kikiwa kizuri.

Mwisho kabisa: jenereta na balbu za volti 220

Umeme wa nyumba kwenye mtumbwi wenye maji chini ya miguu. Tusipoteze muda.

Taa za kijani za kuzamishwa zinavuta samaki vizuri, na mwanga wao haupotei hewani. Lakini kamba yake hunaswa na wavu, na ikivutwa maji yanaingia pale waya unapopenya kwenye taa. Iwe nyongeza kwa aliye tayari na namba 1.

Kupima kabla ya kulipa

Betri ya LiFePO4 ya Ah 30 yenye uzito chini ya kilo 3 itilie shaka. Kisha omba ijazwe mbele yako na upime. Ya kweli, ikishapumzika, inasoma 13.3 hivi. Ikigota kwenye 12.6, ndani kuna lithiamu ya kawaida, vipande vitatu kwa mfululizo. Ukiipeleka kwenye chaja ya 14.6 na kinga yake ikiwa dhaifu, itavimba au kuwaka moto.

Taa iliyoandikwa IP67 inapaswa kuvumilia kuzama mita moja kwa dakika 30. Muuzaji anayejiamini atakubali ndoo ya maji. Iwashe kwanza dakika 20 ipate joto, ndipo uizamishe, kwa maana hewa ya ndani ikipoa ghafla inasinyaa na kunyonya maji kupitia pale waya unapoingilia. Taa mbovu hufaulu ikiwa baridi na kushindwa ikiwa moto, na ziwani mvua huikuta ikiwa moto. Iache hadi kesho yake: ukiona ukungu nyuma ya kioo, irudishe. Kwa sababu hiyo patana juu ya kurudisha kabla ya kutoa pesa, na iandikwe kwenye risiti.

Siku za mbalamwezi, ikipe ikipumzika, betri ya asidi ichajiwe ijae kabisa na irudiwe kila wiki, kwa sababu ikikaa nusu inaganda salfa. LiFePO4 inapenda kinyume chake: iache karibu na nusu, chomoa kila kitu pamoja na kimita cha volti, maana kile kitaa chake chekundu kinakula betri mchana na usiku.