Kusoma shahada ya biashara mtandaoni nikiwa kazini Moshi: uzoefu wangu

Ninasoma shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara kwa njia ya mtandao, huku nikitunza hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi na kulea watoto wawili pamoja na mume wangu. Nimekwisha kuvuka nusu ya masomo, hivyo nimeona ya kutosha kuweza kuitolea huduma hii maoni.

Jambo la kulitazama mapema, hata kabla ya ada, ni muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), shahada ya miaka mitatu haipungui krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwamo za mihadhara, usomaji binafsi na mitihani. Hizo ni saa 3,600. Anayetaka kumaliza kwa miaka mitatu anahitaji takribani saa 23 kila wiki bila kupumzika hata wiki moja, na sioni mfanyakazi mwenye watoto wadogo atazitoa wapi. Mimi na mume wangu tulikubaliana saa 12, alfajiri kabla watoto hawajaamka na Jumamosi mchana, yaani karibu miaka sita. Chuo changu kinaruhusu kuchukua masomo machache kwa muhula na kulipia hayo tu, na kwangu ruhusa hiyo ina thamani kuliko kitu kingine chochote wanachokitangaza. Nasisitiza hili kwa sababu hapa Kilimanjaro, Desemba ndugu wanaporudi kutoka Dar es Salaam kwa Krismasi, wengi hukarabati nyumba zao, na duka letu hujaa watu hadi usiku. Muhula unaoangukia hapo mimi huchukua somo moja jepesi.

Mihadhara iliyorekodiwa inatosha kwa sheria ya biashara na masoko. Kwa takwimu haitoshi kabisa: hesabu za uwezekano zinahitaji mtu wa kumuuliza papo hapo, ilhali mwalimu hujibu baada ya siku kadhaa. Kilichonisaidia ni kundi la wanafunzi wenzangu wa hapa mjini, tunaokutana na kufanya maswali pamoja. Mfumo wa chuo wa kupokea kazi za wanafunzi nao hulemewa siku ya mwisho, kwa hiyo mimi hutuma mapema.

Somo lililonipa faida kubwa ni uhasibu wa gharama. Nilipojifunza kutenganisha gharama zisizobadilika, kama kodi ya pango na mishahara, na zile zinazopanda kadiri unavyouza, niliweza kumwonyesha bosi wangu kwamba saruji tuliyokuwa tukiwapelekea wateja wa Kibosho na Marangu bila kuwatoza usafiri haikutuachia kitu, na kwamba pango lilikuwa likilipwa na faida ya rangi na misumari. Sasa usafiri tunautoza kando. Nilifurahi sana kupata faida hiyo hata kabla ya kuipata shahada yenyewe.

Ninaipendekeza huduma hii kwa mwenye kazi na familia, mradi ahakikishe kwanza kwamba chuo na programu vimeidhinishwa na TCU, na aulize mitihani ya mwisho hufanyikia wapi. Anayefikiria chuo cha nje ya nchi aulize pia TCU kama shahada hiyo itatambuliwa nchini, na aulize kabla ya kulipa.