Meza ya kulia ya oda: uzoefu wangu na karakana ndogo ya seremala

Niliagiza meza ya kulia ya watu sita, yenye droo mbili za vijiko, kutoka karakana ndogo inayoendeshwa na fundi mmoja na wasaidizi wawili. Meza hiyo imekwisha kupitia majira ya mvua na ya kiangazi ikiwa inatumika kila siku, kwa hiyo ninaweza kuitolea maoni kwa haki. Katika useremala wenyewe sina la kulalamikia, ila katika kutimiza ahadi ya tarehe ninalo.

Kabla hatujagusa habari ya bei, fundi aliuliza viti nilivyo navyo vina kimo gani. Meza ya kulia kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 75 hivi na kiti chake sentimita 45, na tofauti hiyo ya sentimita 30 ndiyo inayobeba unene wa meza pamoja na nafasi ya mapaja. Mimi nilitaka droo ziwe ubavuni, mahali ambapo zingekula nafasi hiyohiyo. Akashauri zihamie kwenye ncha za meza na ziwe fupi kwa kimo, kisha akachora mchoro wenye vipimo kwa milimita, tukautia saini sote wawili.

Arbuni ilikuwa nusu ya bei, na sababu yake ni rahisi kuelewa: karakana ya ukubwa huo haina akiba ya mbao, hivyo fedha ya mteja ndiyo inayonunua mbao za kazi yake. Zilipofika, fundi alizipima kwa kipima unyevu zikaonyesha asilimia 14, naye kwa samani ya ndani alitaka zisizidi 12. Akazipanga ndani ya karakana, kila safu ikitenganishwa na nyingine kwa fito nyembamba ili hewa ipite, akaziacha zikauke. Mteja mwenye haraka anaweza kuuona muda huo kuwa ni uzembe. Kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya kazi iliyostahili zaidi malipo yangu, kwa kuwa mbao mbichi ikishaundwa meza huendelea kusinyaa, na kinachofuata ni nyufa na viungo kulegea.

Hata mbao iliyokauka haitulii kabisa. Hupanuka na kusinyaa kwa upana kulingana na unyevu wa hewa, ilhali urefu wake karibu haubadiliki. Kwa sababu hiyo fundi hakuupigilia misumari uso wa meza kwenye fremu, bali aliushika kwa vipande vidogo vya mti vilivyoingia ndani ya mfereji uliochongwa kwenye fremu, akiacha upenyo wa milimita chache ili uso upate kusogea. Miguu iliungwa kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao iliyochongwa nyembamba ikaingia ndani ya tundu la mguu. Nilimtazama akipunguza ulimi kwa patasi, kidogo kidogo, akiujaribu kila mara, mpaka ukaingia kwa kusukumwa na kiganja tu. Aliniambia kwamba ulimi unaohitaji nyundo hukwangua gundi yote wakati wa kuingia na unaweza kuupasua mguu.

Sasa kuhusu tarehe. Siku tuliyokubaliana ilipita bila taarifa yoyote, na nilipokwenda kuuliza nilikuta meza imesimama kamili, lakini haijapakwa vanishi. Maelezo niliyopewa ni ya kweli, nami nayaandika kwa sababu yanaonyesha jinsi karakana za namna hii zinavyofanya kazi. Msumeno, mashine ya randa na upakaji wa vanishi vyote vimo katika chumba kimoja, na vanishi mbichi hunasa kila chembe ya vumbi. Kwa hiyo kazi moja inapopakwa, ukataji wote husimama. Kabati la mteja aliyenitangulia lilikuwa likisubiri yeye aamue rangi, na foleni nzima ikasubiri pamoja nalo. Sababu hiyo naikubali. Ukimya siukubali, kwani ujumbe mfupi wa simu ungetosha. Anayetaka kuagiza samani kwa fundi wa aina hii asiulize tu kazi itachukua muda gani. Aulize pia ni kazi ngapi ziko mbele yake na ngapi kati ya hizo zinasubiri kupakwa.

Umaliziaji ulikuwa mzuri kuliko nilivyotarajia. Msasa ulianza na namba 80 iliyo kali, ukafuata 120 na 180, kisha 240 iliyo laini ikapitishwa kidogo kati ya tabaka za vanishi. Upande wa chini pia ulipakwa, ingawa hakuna anayeuona, ili nyuso zote mbili zipokee unyevu kwa kadiri inayolingana na ubao usipinde.

Mvua zilipoanza, droo moja ilikaza. Fundi alikuja mwenyewe na randa ya mkono bila kudai malipo, lakini alipunguza kidogo kuliko nilivyomwomba, akieleza kwamba droo inayoteleza vizuri sana wakati wa mvua hucheza ovyo wakati wa kiangazi. Akapaka nta ya mshumaa kwenye reli zake. Hadi leo droo hiyo huhitaji kuvutwa kwa nguvu kidogo siku za unyevu mwingi, na zikipita hufunguka kama ile nyingine.